Yusuf bin Hasan: Mfalme aliyelelewa na watawa, kisha akaiteka Ngome ya Yesu

KWA mkazi wa Bofu anayevuka feri ya Likoni kila alfajiri kwenda kutafuta riziki kisiwani Mombasa, Ngome ya Yesu ni jengo lililozoeleka mno. Watalii hulipiga picha, wanafunzi hushushwa kwa mabasi mbele ya lango lake, na wenye kesi hupita karibu nalo wakielekea mahakamani.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba mnamo mwaka 1631 ngome hiyo ilitekwa na mtu aliyeingia kwa mlango wake wa mbele, akakaribishwa kama rafiki. Alikuwa mfalme wa mji huo huo, Mkristo aliyebatizwa, mwenye mke Mkristo na cheo cha heshima kutoka kwa mfalme wa Ureno.

Wareno walimjua kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Yusuf bin Hasan.

Maisha yake ni kisa cha mtoto yatima aliyechukuliwa na dola ambayo maofisa wake walimuua baba yake, akalelewa na kusomeshwa ili awe mtu wao. Aidha, ni kisa cha misheni ya Kikatoliki iliyotumainia kwamba kumlea mtoto mmoja wa ufalme kungetosha kuugeuza ufalme mzima.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wareno waliuamini msemo huo kwa namna yao, na waliulipia kwa damu.

Ukoo wa Malindi katika kiti cha Mvita

Kabla ya kuzaliwa kwa Yusuf, Mombasa ilikuwa imekwisha kuonja moto wa Wareno mara tatu. Francisco de Almeida aliuteketeza mji huo mwaka 1505, Nuno da Cunha akafanya vivyo hivyo mwishoni mwa mwaka 1528 na mwanzoni mwa 1529, na mwaka 1589 ukashambuliwa tena na manowari za Tomé de Sousa Coutinho huku jeshi la Wazimba likiingia kutokea bara.

Malindi, kwa upande wake, ilikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498. Baada ya Mombasa kuanguka, urafiki huo ulilipwa. Sultani Ahmad wa Malindi alihamishiwa Mombasa na kukalishwa katika kiti cha enzi cha mji uliokuwa hasimu wake wa miaka mingi.

Huyo Ahmad ndiye aliyekuwa babu yake Yusuf. Kwa hiyo ukoo huo ulipata ufalme wa Mvita kwa hisani ya Wareno, na hisani hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kitanzi chake.

Mwaka 1593 ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Italia. Wakati huo Ureno haikuwa na mfalme wake yenyewe. Tangu mwaka 1580 taji lake lilikuwa limeangukia mikononi mwa Philip wa Pili wa Uhispania, na hali hiyo iliendelea chini ya warithi wake hadi mwaka 1640.

Mambo ya Mombasa yaliamuliwa Goa, makao makuu ya Wareno nchini India, kisha yakapelekwa Lisbon, na neno la mwisho likatoka kwa mfalme wa Uhispania. Yule mfalme aliyetawala Mexico, Peru na Ufilipino ndiye pia aliyekuwa bwana wa ngome ya Mombasa.

Watawa wafika kisiwani

Mwaka 1597 watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino walifika Mombasa kutoka Goa na kujenga monasteri yao mjini, nje ya kuta za ngome. Wareno wenyewe waliishi kando ya njia iliyotoka ngomeni kuelekea mji wa Waswahili, njia ambayo leo inajulikana kama Ndia Kuu katika Mji wa Kale.

Misheni hiyo ilikuwa sehemu ya dola. Kwa makubaliano kati ya Papa na wafalme wa Ureno, mfalme ndiye aliyegharimia makanisa na mapadri katika nchi alizozitawala, naye akawa na usemi mkubwa katika mambo ya kanisa. Padri na askari walilishwa kutoka hazina moja.

Kazi ya watawa hao haikuwa nyepesi. Waswahili wa mjini walikuwa Waislamu kwa karne nyingi, wenye misikiti, makadhi na wanavyuoni wao. Waliobatizwa wengi walikuwa Waafrika waliofanya kazi katika nyumba za Wareno, watumwa, na watu waliooana na Wareno. Waungwana wa mji hawakutikisika.

Katika hali hiyo wazo la kumlea mwana wa mfalme lilikuwa na mvuto mkubwa. Halikuwa wazo geni katika himaya hizo mbili. Huko Mexico, Wahispania walifungua chuo cha Santa Cruz de Tlatelolco mwaka 1536 ili watawa wa Mtakatifu Fransisko wawafundishe watoto wa wakuu wa Wanahua dini na lugha ya Kilatini. Iliaminika kwamba mtoto wa mkuu akishapatikana, watu wake watafuata.

Mauaji ya Hasan

Sultani Ahmad alipofariki, mwanawe Hasan alirithi kiti. Kwa mapatano ya awali, mfalme alistahili thuluthi ya ushuru wa forodha ya Mombasa, na alikuwa na haki zake pia katika kisiwa cha Pemba.

Makapteni wa ngome, waliokuja kwa muda mfupi na kutaka kuondoka wakiwa matajiri, hawakupenda kugawana mapato na mfalme mwenyeji. Ugomvi ulianza, tuhuma zikapelekwa Goa, na Hasan akashtakiwa kwa ukaidi.

Mwaka 1614 mambo yalichafuka kabisa. Hasan aliona usalama wake umo hatarini, akavuka maji na kukimbilia bara, akitafuta hifadhi kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo. Jina hilo wanahistoria wengi hulihusisha na mababu wa Wamijikenda.

Bara ndiyo iliyokuwa uhai wa kisiwa. Chakula kilitoka huko, na hatari pia ilitoka huko. Wareno walijenga minara ya ulinzi penye kivuko cha Makupa, na kila mara waliwapa watu wa bara nguo ili kununua amani.

Safari hii nguo hizo zilinunua kifo. Waliompokea Hasan walihongwa, naye akauawa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Goa kama ushahidi kwamba kazi imekamilika.

Alimwacha mtoto wa kiume wa umri wa miaka ipatayo saba. Mtoto huyo ndiye Yusuf.

Malezi ya Goa

Yusuf alisafirishwa hadi Goa, mji ule ule uliopokea kichwa cha baba yake, na kukabidhiwa kwa watawa wa Mtakatifu Augustino. Alibatizwa na kupewa jina la Jerónimo. Alifundishwa katekisimu, kusoma na kuandika Kireno, na adabu za watu wa daraja la juu.

Goa ya siku hizo ilikuwa na makanisa, vyuo, hospitali na soko lililojaa bidhaa za Bara Hindi, China na Uajemi. Ilikuwa pia makao ya mahakama ya kanisa ya kuwasaka wapotovu wa imani, iliyoanzishwa mwaka 1560. Aliyebatizwa kisha akakutwa akirudia dini ya wazazi wake aliweza kufungwa, kunyang'anywa mali au kuuawa.

Alipofikia ujana, Jerónimo alihudumu katika manowari za Wareno na kujifunza kazi ya mizinga. Alioa mwanamke Mkristo aliyeitwa Dona Isabel na kutunukiwa cheo katika Jeshi Takatifu la Kristo, heshima kubwa katika ufalme wa Ureno.

Mwaka 1626, akiwa na umri wa miaka ipatayo 19, alirudishwa nyumbani kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Muda mfupi baadaye alimwandikia Papa barua ya utiifu. Watawa waliona kwamba mti walioupanda umeanza kuzaa.

Mfalme asiye na watu

Hata hivyo, aliporejea Mvita Yusuf alijikuta kati ya mawe mawili. Raia wake walimwona kama mgeni. Alivaa kama Mreno, alikula na Wareno, alisali kanisani, na mkewe hakuwa wa ukoo wowote wa pwani. Angewezaje kuwaamulia mambo yao ya sheria na mirathi mtu ambaye hawakuweza kusali naye msikitini?

Kwa upande wa pili, maofisa wa ngome hawakumhesabu kuwa mwenzao licha ya vyeo vyote alivyotunukiwa. Machoni mwa kapteni alikuwa mwenyeji aliyevishwa nguo nzuri, na ugomvi wa ushuru na biashara uliomuua baba yake ulikuwa ungali pale pale.

Malezi ya Goa yalikuwa yamempa kila kitu isipokuwa mahali pa kusimama.

Kwa mujibu wa ushahidi wa Wareno uliokusanywa baadaye, mfalme huyo alianza kulizuru kaburi la baba yake kwa siri nyakati za usiku, na huko alionekana akisali kwa taratibu za Kiislamu. Habari hizo zilimfikia kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa.

Kapteni alikusudia kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe. Yusuf alipata fununu ya mpango huo. Alijua vyema kilichomngoja, kwa kuwa alikuwa amekulia katika kivuli cha mahakama hiyo. Alijua pia yaliyompata mfalme aliyetangulia alipojaribu kukimbia. Kwa hiyo yeye hakukimbia.

Agosti 1631

Katikati ya Agosti 1631, wakati Wakristo wa Mombasa walipokuwa katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, mfalme alikwenda ngomeni akiwa na wafuasi wapatao 300. Walinzi hawakuwa na sababu ya kumzuia. Alikuwa mgeni wa mara kwa mara, na ziara ya mfalme siku ya sikukuu ilikuwa jambo la heshima.

Alipofika mbele ya kapteni, alichomoa jambia na kumchoma. Wafuasi wake wakawashambulia askari, na kwa muda mfupi ngome iliyojengwa kustahimili mizinga ya Waturuki ikawa mikononi mwake. Nyumba za Wareno mjini zikachomwa moto.

Walionusurika walikimbilia monasteri ya Waagustino na kujifungia humo. Walikuwemo watawa, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliobatizwa. Siku chache baadaye kimbilio hilo pia liliangushwa.

Yusuf, aliyekuwa ametangaza kurejea katika Uislamu, aliwataka waliokuwa humo waiache dini yao. Wengi walikataa, wakauawa. Miongoni mwao walikuwemo watawa wa shirika lile lile lililomlea tangu akiwa mtoto.

Wareno waliopoteza maisha walikuwa takriban 150, zaidi ya nusu yao wakiwa wanawake na watoto. Waafrika Wakristo pia waliuawa, na wengine wengi walipelekwa Uarabuni kama watumwa.

Jambo hili la mwisho husahauliwa mara nyingi na wanaomsifu Yusuf kama shujaa wa kwanza wa kupigania uhuru wa pwani. Wengi wa watu hao hawakuwa wamemdhulumu mtu. Walikuwa wanyonge waliochukua dini ya mabwana zao au walioiamini kwa dhati, na walikuwa raia wa mfalme huyo huyo. Hawakuwa na ngome wala meli ya kuwaokoa.

Kwa upande mwingine, wanaomtaja kama msaliti tu husahau kichwa kilichosafirishwa hadi Goa mwaka 1614. Kisasi hicho kilikuwa na mizizi, na mizizi hiyo ilipandwa na maofisa wa mfalme kwa ajili ya ushuru.

Jeshi la Goa lashindwa

Habari zilipofika Goa, kikosi kikubwa cha manowari kilitumwa chini ya Dom Francisco de Moura. Kilifika Mombasa mwezi Januari 1632 na kuizingira ngome kwa zaidi ya miezi miwili.

Hapo ndipo mafunzo ya Goa yalipogeuka dhidi ya waliyoyatoa. Yusuf alijua namna mizinga inavyolengwa, alijua mbinu za manahodha wa Kireno, na alikuwa ndani ya ngome bora kuliko zote za pwani ya Afrika Mashariki. Mashambulizi yalishindikana, na mwezi Machi de Moura aling'oa nanga na kurejea India.

Ushindi huo ungeweza kuwa mwanzo wa ufalme mpya. Lakini Yusuf alitambua kwamba Wareno wangerudi na nguvu kubwa zaidi, na msaada aliouhitaji kutoka miji mingine ya pwani na ng'ambo haukutosha kuukabili uzito huo.

Mwezi Mei 1632 aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akachukua mizinga na mali, akapanda meli ya Kireno aliyoiteka na kuondoka. Wareno waliporudi mwezi Agosti mwaka huo waliikuta ngome tupu.

Tangu hapo Yusuf aliishi baharini. Alionekana Uarabuni, katika maji ya Komoro na Madagaska na kwingineko, akishambulia meli za Wareno huku nao wakimwinda bila kumpata. Mfalme aliyefunzwa ubaharia na Wareno sasa alikuwa haramia aliyewanyima usingizi.

Aliuawa mwaka 1638 katika eneo la Bahari ya Shamu, karibu na Jeddah, akiwa na umri wa miaka ipatayo 31. Hakuiona tena Mombasa akiwa mtawala.

Waliobaki walilipa

Adhabu ambayo Wareno walishindwa kumpa Yusuf waliitoa kwa wengine. Kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, aliizungukia pwani akiiadhibu miji iliyoshukiwa kumuunga mkono mfalme huyo. Pate na Siyu zilivunjiwa kuta zao, wakuu wa Pemba waliuawa, na watu wa bara wakatiishwa.

Cabreira aliyachonga matendo hayo katika jiwe ambalo lingali juu ya lango la Ngome ya Yesu. Maelfu ya watu hupita chini yake kila mwaka bila kujua kwamba maandishi hayo ya Kireno ni orodha ya vilio vya miji yao wenyewe.

Ufalme nao ulikoma. Wareno hawakumkalisha tena mtu wa ukoo wa Malindi katika kiti cha Mombasa, na mji ukatawaliwa moja kwa moja na kapteni wa ngome. Hivyo tendo lililokusudiwa kuurudisha ufalme wa wenyeji ndilo lililoufunga ukurasa wake.

Huko Goa kanisa lilikusanya ushahidi wa kiapo mwaka 1632 ili waliouawa Mombasa watambuliwe kama wafiadini. Mchakato huo haukufika mwisho, lakini karatasi zake zilihifadhiwa, na sehemu kubwa ya yanayojulikana leo kuhusu Yusuf yametokana na ushahidi huo. Ndiyo sababu picha yake imechorwa zaidi na mikono ya mahasimu wake.

Misheni ya Waagustino ilifufuliwa baada ya mwaka 1632, lakini haikupata tena mfalme wa kumlea. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na tarehe 13 Desemba 1698 yakaiteka. Wareno walirejea kwa muda mfupi tu kati ya mwaka 1728 na 1729, kisha wakaondoka moja kwa moja.

Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya wamisionari wengine kuanza kazi Mombasa. Johann Ludwig Krapf, Mprotestanti kutoka Ujerumani, alifika mwaka 1844. Mapadri wa Kikatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikuja baadaye, karne hiyo hiyo ikielekea ukingoni. Kati yao na watawa wa mwaka 1597 hapakuwa na waumini wa kuwaunganisha.

Ngome yenyewe imebaki. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895, ikatangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1958, ikafunguliwa baadaye kama makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Ndani ya kuta zake yamo mabaki ya kanisa ambamo makapteni na askari wao walisali. Mtoto aliyetolewa Mombasa baada ya baba yake kuuawa alirudi akiwa amefundishwa sala hizo zote. Walimu wake walifanikiwa katika yote waliyomfundisha. Kitu kimoja tu hawakuweza kumfundisha, nacho ni kulisahau kaburi lililomngoja nyumbani.